Kopo la Mtondogoo

Makopo manne ya halua, matupu, yameoshwa,
harufu ya iliki ingalimo.
Nimeyabandika majina kwa plasta ya kidonda:
Yeo. Keshokutwa. Mtondo. Mtondogoo.
"Yeo" ni matamshi ya Shangazi Mwanaheri,
na makopo ni yake, sikubisha.

Kadi nilizikata kwenye maboksi ya glavu.
Mbele swali, kwa herufi za chuoni,
za kulia kwenda kushoto, ndizo azisomazo;
nyuma jibu, kwa herufi za mtihani, asizozisoma.
Kila alfajiri, uani kwetu Langoni,
anakaanga mahamri ya kuuza
huku akiniuliza mwili wa binadamu.

"Neva ya saba, kazi yake nini?"
Uso, nasema. Tabasamu. Kufumba jicho.
Ladha ya mbele ya ulimi.
Hajui kama ni kweli. Kadi haigeuzi.
Anachosikiliza ni kile kipande cha kimya
baina ya swali na jibu,
kama asikilizavyo mafuta kabla ya kutia hamri.
"Umesita. Huyui. Rudi Yeo."
Nikimwonyesha kuwa nilipatia,
hunitazama tu.
"Na mgonjwa atakungoja upekue?"

Kadi iliyojibiwa bila kusita husogea kopo moja mbele;
iliyokwama, hata kama ilishafika Mtondogoo,
hurudi mwanzo bila kuonewa haya.
Ndiyo sheria yote.

Hostelini Mbaruk anarudia kurasa zile zile mara ya sita,
kalamu ya njano mkononi,
kitabu kimekolea rangi kuliko wali wa biriani.
"Yote nayajua," asema,
na kweli, kila mstari anautambua.
Dhahabo akakifunga kile kitabu, akamuuliza swali moja.
Kuitambua sura ya mtu
si sawa na kumwita kwa jina gizani.
Mbaruk alicheka, akakifungua tena.

Nami si mwerevu kumshinda.
Figo imerudi Yeo mara tisa.
Nililala nikiijua, nikaamka haipo,
na yale maumivu ya kuitafuta
ndiyo yaliyoigandisha.

Jioni ya kuamkia mtihani nilimwaga makopo yote mkekani.
Ndani ya Mtondogoo, chini ya karatasi aliyoitandika yeye,
kadi moja yenye doa la mafuta.
Sijapata kuijibu bila kusita.
Imefikaje huku?

Kifafa cha mimba: taja dalili.

Kichwa kuuma. Macho kuona vimulimuli. Uso kuvimba.
Dada yangu Zaharia, mimba ya miezi minane,
akilalamika kichwa,
nasi tukampaka mafuta ya karafuu
tukamwambia alale.

Shangazi alisimama mlangoni, unga mikononi.
"Kila nikikuuliza hiyo," alisema,
"sauti yako hwenda makaburini ikarudi.
Nikaona ipumzike."

Nikaitia mkononi mwake. Uliza.
Akauliza. Nikasita.
Nikamngoja aseme.
Hakusema.
Nikasema mwenyewe: Yeo.

Akauliza tena sufuria ilipochemka,
tena baada ya Isha,
tena alfajiri, sote na usingizi machoni:
magnesiamu salfeti, gramu nne mshipani, polepole,
tano kila tako,
hesabu pumzi, gonga goti uone kama linaruka.
Mara ya mwisho alikuwa amefumba macho,
midomo yake ikinifuata, neno kwa neno.

Mtihanini swali hilo halikutoka.
Waliuliza figo.

Nimerudi saa tisa. Amenibakishia mahamri mawili,
anataka kujua kama kadi sasa awashie jiko.
Bado, Shangazi.
Nimeitoa ile yenye doa,
nikaipangusa kwa leso,
nikaitia Keshokutwa.