Saa Kumi na Moja, Kamisawa

Basi lilinishusha, likageuza, likaondoka tupu,
na dereva mwenye glavu nyeupe
akakiinamia kiti nilichokuwa nimekalia
kana kwamba bado nipo.

Nilikuja kuona mji wa kale, na kweli ulikuwa wa kale:
kuta za mbao zilizobabuliwa moto zisiliwe na mvua,
madirisha ya fito nyembamba,
mfereji wa maji mbele ya kila mlango
na ndani yake samaki wa rangi ya chungwa,
wanene, wasio na haraka,
waliofugwa ili wale makombo ya vyombo.

Kwa Bi Hatsue nilivua viatu,
nikawekewa ndala zilizoishia katikati ya unyayo.
Akanipima kwa macho, akacheka kiganja kikiwa mdomoni,
akapanda darini, akashuka na ndala za marehemu mumewe.
Nazo ndogo.
Kijapani changu kilikuwa maneno saba:
manne ya kushukuru, mawili ya samahani,
na moja la supu.

Nilipiga picha. Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa.
Kila nikiinua kamera, mtu alinipisha:
mzee auzaye tofu, ile jibini laini ya soya, akabana ukutani,
tarishi akashuka baiskeli akarudi kinyumenyume,
mama mwenye figili tatu akajificha nyuma ya nguzo,
samahani, samahani,
kana kwamba wao ndio wageni,
kana kwamba uso ungeuchafua ukuta.
Nami nikashukuru. Nikabofya.
Picha sitini, na mtu hakuna.

Saa kumi na moja kamili, vipaza sauti vya mlingotini
vikatoa muziki mwembamba, kengele tupu,
ukatambaa juu ya mapaa, ukagonga mlima, ukarudi umechoka.
Nikamuuliza Bi Hatsue kupitia simu yangu inayotafsiri.
Simu ikafikiri, ikasema:
"Unawaita watoto warudi nyumbani."
Nikachungulia njia.
Palikuwa na paka mmoja, naye hakuharakisha.

Wangapi? nikauliza.
Akainua kidole kimoja. Akafikiri. Akakikunja nusu:
mjukuu wa fundi mikeka, Jumamosi tu,
akiletwa na babake.

Nami nilikuwa nimeshaandika daftarini
kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa kujipenda:
Hapa ukimya umetunzwa kama kito.
Nikausoma tena mstari ule.
Mtu huweza kuingia nyumba ya msiba asijue,
akasifu jinsi ilivyofagiliwa.

Siku ya tatu sikungoja jembe.
Nilichukua ufagio kabla hajaamka
nikayafagia majani mekundu ya mlangoni,
nikayafagia vibaya, maana alitoka, akatazama,
akanipokonya kwa upole, akanionyesha:
majani mengine huachwa.
Hakueleza. Au alieleza, na simu ilikuwa ndani.

Mzee wa tofu, Bwana Kumazawa, sasa nalijua jina,
akapita na ndoo. Nikainua kamera.
Akaanza kurudi nyuma, samahani, samahani.
Nikatafuta neno katika yale saba, sikulipata.
Nikamwonyesha kwa mikono miwili
kama nimkaribishaye mtu mkekani: hapa, katikati.
Akaweka ndoo chini. Akavua taulo kichwani,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akasimama wima kama wa pasipoti.
Picha ilitoka na ukungu. Mkono ulinitikisika.

Basi la kurudi lilifika muziki ukianza.
Dereva akaniinamia.
Sikujua kama ninaitwa au ninaruhusiwa.
Mapajani, tofu ya Bwana Kumazawa
ilikuwa ikivuja gazetini, baridi.