Bahari ya Chumba cha Kungojea

Daktari Asegelile alisema wagonjwa wakitazama samaki
husahau mlio wa keekee.
Basi chumvi ikapanda treni,
mifuko miwili, na mawe ndani ya boksi la barafu,
kutoka Dar hadi stesheni ya Iyunga,
na mimi, Bupe wa mapokezi,
ninayejua mito tu na bomba linalouma vidole kila Julai,
nikawa mtunza bahari, hapa Mwanjelwa,
lita mia mbili.

Mawe yalikuja na wapangaji.
Hakuna aliyewaandika kwenye hati ya mzigo.

Wa kwanza nilimwona umeme umekatika,
nafunika kioo kwa blanketi la mwanangu maji yasipoe.
Tochi ikamkuta: rangi ya waridi iliyochujuka,
vijiguu pande zote,
anavuta punje ya chakula kuipeleka shimoni
kama mtu anayehamisha godoro peke yake.
Kesho yake, sita.
Wiki ya pili nikaacha kuhesabu.

Nilitia mkono.
Upupu nimeuchezea utotoni, Tukuyu; upupu ni mzaha.
Hivi vimanyoya, vyembamba kuliko nywele za kichanga,
vilibaki vinameta kwenye ngozi
nikakesha nikipuliza vidole.
Asubuhi Daktari akavibandua kwa selotepu,
akanimiminia siki ya kachumbari,
akanionya kwa sauti yake ile ya *fungua mdomo*:
usimkate. Ukimkata umemzalisha.

Nikatega.
Chupa ya dawa ya kikohozi, kifuniko nimekitoboa kwa msumari wa moto,
ndani kichwa cha usipa kutoka Kyela.
Ziwa likawa chambo cha bahari.
Alfajiri naitoa kwa kibanio,
wamejisokota humo kama sweta lililofumuka.
Kumi na mmoja. Tisa. Kumi na wanne.
Naandika nyuma ya daftari la miadi,
mgongoni mwa majina ya wanaokuja kuzibwa meno.
Kumi na wanne.
Tena kumi na wanne.

Mimi natoa, wao wanajaza.
Nikaanza kuamini maji ya chumvi yana mtu wake.

Hadi usiku niliorudi kufuata simu niliyoisahau
nikamkuta mlinzi, Anyandwile,
koti la mvua hadi magotini,
anamega kiporo cha ugali, anadondosha tonge,
anambembeleza kitatange kwa Kinyakyusa:
kula, baba, huku ni baridi.

Aliniona. Hakuficha mkono.
"Wanaachama usiku kucha," akasema.
"Wewe ungeweza kupita tu?"

Nilicheka mpaka kioo kikashika ukungu.
Wanapumua, nikamwambia. Ndivyo wanavyopumua.
Akatazama tonge lililobaki kiganjani
kama mtu aliyegundua miezi yote hii
amekuwa akilipa deni la jirani.
Akalila mwenyewe.

Sikumwaga dawa yoyote.
Nilinyonya uchafu wa mchangani kwa mpira,
mdomo ukajaa chumvi, nikatema, nikanyonya tena;
yalitoka matonge yaliyoota ukungu,
harufu yake ikamkimbiza mama mmoja na jino lake bovu.
Kisha chupa ikatoka na wanane.
Watano.
Wawili.

Jumanne alikuwemo mmoja, mrefu kama kamba ya kiatu.
Nilimrudisha.
Daktari anasema wachache wana kazi yao,
hula kilichooza chini ya jiwe, pasipofika mkono wala mpira.
Tena, sijui, nilikuwa nimeshamzoea.

Kijiko nimemkabidhi Anyandwile.
Mara moja, saa kumi na mbili jioni, kijiko cha chai, nusu.
Anakipima dirishani kwenye mwanga,
anapunguza kwa ukucha, anaongeza punje mbili,
ananitazama, anaziondoa.
Halafu anakaa kwenye benchi la wagonjwa
mbele ya midomo ile inayofunguka na kufunga,
mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti,
isije ikamponyoka.