Fagio Mia Tano

Kazi yangu ni mkonge, kusokota kwa mapaja,
Watoto wapate tonge, nauza moja na moja,
Mwezi wa tatu, u nyonge, hapiti hata mteja,
Mara Kilua akaja, na tangazo la zabuni.

"Jiji lataka fagio, mia tano, za mashule."
Nikacheka: "Haya, ndio, zina wenyewe wa kule,
Nani anipe sikio? Sina shemeji wa pale,
Niache nisuke vile navyosuka barazani."

Akajibu: "Kwanza soma, ndipo useme la kwako,
Fungu limetengwa, mama, la vikundi kama chako,
Watano mkisimama, na cheti, mna mashiko,
Tatizo ni woga wako, si shemeji wa mezani."

Tukawa sisi watano: Mwanjaa na Mwanahawa,
Hiari mwenye maneno, Somoe aliyefiwa,
Chai, kiapo, mkono, na muhuri ukatiwa,
Kisha namba tukapewa, ya kodi na ya leseni.

Siku hizi ni mfumo, hakuna bahasha tena,
Duka la Mhando, humo, watano tumebanana,
Tukafikia kikomo, umeme nao hakuna,
Ikapita, tunaona, saa sita ukutani.

Ya pili tukawahisha, umeme usituteke,
Bei nikateremsha, ili wakubwa wacheke,
Gari sikuorodhesha, dereva, mafuta yake,
Wakasema tuondoke: bei hii ya utani!

Nikavaa baibui, na mwendo nikaukaza,
Afisa hanitambui, bali kiti kasogeza,
Akasema: "Hujijui, jasho bure umeuza,
Ni wangapi huuliza? Wengi hununa nyumbani.

Andika kila kilicho: mkonge, mpini, uzi,
Usipimie kwa jicho, na saa zenu ni kazi,
Soma chote watakacho, usiruke hata ngazi,
Aliyewapiku juzi alisoma kwa makini."

Nje kanisubiri mtu, mwenye saa ya dhahabu:
"Nipeni laki tatu tu, niwamalizie tabu."
Nikatazama viatu, sikumpa hata jibu,
Nikazishika hesabu, nikazibana kwapani.

Ya tatu, mwezi wa nane, simu yangu ikaita,
"Njooni wote muone, ujumbe: tumeupata!"
Huyu kamwita mwingine, Hiari leo kasita,
Mabunda tukayavuta, taa zawaka uani.

Wiki sita, na usiku, mapaja yamechubuka,
Mkaguzi naye, siku ya kupokea, kafika,
Kapekua kama kuku, kumi na moja kaweka
Kando: mipini yatoka, tukaikaza getini.

Hati ya kupokelewa, nikadhani ndiyo pesa,
Nikenda, ninaambiwa: "Subiri, bado kabisa."
Muuza mkonge kawa mlangoni kunitesa,
Hilo tangazo lakosa, halikusema, jamani!

Siku zilipoingia, vuli inanyesha Tanga,
Madeni nikalipia, salio nikalifunga,
Kwenye leso nikatia akiba ya kujikinga,
Nyingine nikiipanga, nisikope mtaani.

Leo nimepita shule, Mabawa, nje ya ukuta,
Kuna mvulana yule, ufagio anavuta,
Nikautambua, vile fundo langu lilikita,
Hakunijua, kapita, akafagia ngazini.

Kilua kaja, haketi: mazulia ya milango,
Kila moja zahanati, yatakiwa bila pengo,
Nimevuta yangu kiti, nasoma bila maringo,
Kandili juu ya mwango: umeme siuamini.