Jiko Lililosalia

Fundi Chengula, kamwene.
Salio lako utalipata Jumatatu, usinipigie simu.
Leo nina neno jingine.

Unakumbuka ulivyosimama, nyundo begani,
mbele ya ukuta uliotenga sebule na chumba cha mtoto,
ukaniuliza mara mbili, "Mama, una hakika?"
Baba Tulalumba akajibu kabla yangu:
nyumba ya mlimani Wilolesi si ya kulala tu,
watu waje, waone.
Ukapiga.
Kwenye plasta ile palikuwa na vistari vya penseli,
kimo cha Tulalumba, kila Krismasi kistari,
cha mwisho kikiishia chini kidogo ya swichi.
Vilishuka na vumbi. Nikafagia mwenyewe,
nikavipakia kwenye toroli pamoja na matofali.

Basi, nyumba imekaa kama ulivyoichora.
Vioo toka sakafuni hadi darini,
taa za mji zinateremka mpaka Ipogolo.
Baraza la mbao limelizunguka lile jabali
lililokushinda kwa moto, kwa maji na kwa matusi.
Meza ya watu ishirini.
Kaunta nyeusi inayong'aa, naona humo mikunjo yangu
nikikata kitunguu.
Na choo cha wageni, ambacho mimi mwenye nyumba
nakibishia hodi.

Tukawaita, Jumamosi ya pili ya Julai.
Wakaja wakwe kutoka Mafinga, wakaja wanakwaya,
mwalimu mkuu mstaafu na fimbo yake,
Shangazi Sekinyaga na blanketi lake mabegani
ingawa nilimwomba, jamani, kwa leo tu, avae koti.
Wakasema lo! Wakapiga picha.
Wakaegemea reli yako, haikutikisika, hongera.

Saa moja na nusu upepo ukapanda.
Unaujua upepo wa huku, hauna adabu,
unaingia kwenye mkono wa sweta kama mdai.
Mishumaa ikazimika yote kwa pumzi moja.
Mafuta ya mbuzi yakaganda sahanini, meupe.
Watu wakashika soda baridi kwa ncha za vidole
wakisifia mandhari, meno yakigongana.

Shangazi hakuaga.
Aliinuka akafuata moshi.

Kule nyuma, mkono wa kushoto, hela zilikotuishia,
jiko la zamani, bati lake la kutu,
mafiga matatu yaliyowekwa na mama mkwe,
humo nilikuwa nimeficha masufuria yenye masizi
na mlangoni nimetundika pazia, wasilione.
Akalifunua pazia. Akakalia gunia la viazi,
akanyoosha miguu, akasema,
"Kumbe nyumba iko huku."

Akafuata mwalimu mkuu. Wakafuata wakwe.
Wakakaa juu ya madebe, juu ya kreti, juu ya kinu
nilichokilaza chini; mmoja wa sauti ya nne
akakalia ndoo, ikalia chini yake.
Ishirini na watatu, Fundi, nimewahesabu,
ndani ya hatua nne kwa tano.
Mtu akatia mahindi kwenye makaa.
Mtu akachemsha chai ya Mufindi mpaka ikawa nyekundu
kama barabara ya kwetu Kalenga.
Hakuna aliyeuliza taulo, wala uma, wala nani kakaa na nani.

Baba Tulalumba alibaki barazani
na viti vyake ishirini, rimoti ya muziki mkononi,
akizuia kitambaa cha meza kisiruke.
Nilimtazama kupitia ufa wa mlango.
Sikumwita.
Alikuja mwenyewe, akasahau kuinama,
akajigonga kichwa kwenye boriti, watu wakacheka,
akacheka na yeye, machozi yakamtoka.
Alisema ni moshi.

Kwa hiyo, ile awamu ya pili, ya kulivunja jiko,
acha.
Njoo tu uzibe bati upande wa mvua,
na uchonge vigoda, vinne au vitano.
Boriti usiipandishe.
Mjukuu wangu analetwa Agosti kutoka Dodoma,
lete na ile penseli unayoichomeka sikioni.
Au hapana: ukuta wa jiko ni mweusi mno.
Lete chaki.