Anwani Isiyohama

Mgeni njoo, mwenyeji apone: hivyo walinipokea
kwenye ofisi ya wauza sufu, Punta Arenas,
upepo ukiuvuta mlango upande wake,
Mirtha Barrientos akiuvuta upande wetu
mpaka komeo likakubali.

"Inapotea," akasema, sijavua hata koti.
"Kila asubuhi inapotea."
Na printa yenyewe ile pale, pana, ya kijivu,
imefunikwa kitambaa kama unga unaoumuliwa.

Zamani ilikuwa kwenye meza ya Eleuterio.
Mwenye karatasi alivuka chumba, akapiga hodi,
na Eleuterio aliacha hesabu za marobota,
akachapa, akangoja pamoja nawe, akauliza habari za watoto.
Miaka tisa.
Kisha wakubwa wakaamua iwe ya wote, ikae ukutani.

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nyuzi za sufu,
ganda moja kavu la chungwa.
Waya mzima. Taa ya kijani inapepesa.
Nikaiamuru mashine ijitaje, ikajitaja,
nikaona: ruta huigawia namba mpya kila inapoamka,
jana arobaini na moja, leo kumi na saba,
na kompyuta tano, kwa uaminifu wa kijinga,
zinabisha hodi nyumba ya jana.
Asiyekuwapo na lake halipo.

Basi nikaifungia namba. Hamsini.
Umeme ukatike, umeme urudi, hamsini.
Kidole kikasita juu ya kitufe:
mimi wa Maracaibo, kwenye joto la kukaanga yai,
huu mji wangu wa nne ndani ya miaka sita,
chumba nakilipia kwa wiki,
barua za mama zinafikia kwa binamu,
nalipa sanduku la plastiki makazi ya kudumu.
Nikabonyeza.

Jina? Yerko wa mizigo akatoa la mbwa wake, Canela.
Hakuna aliyekuwa na bora zaidi.

Kisha meza kwa meza: ongeza printa, andika namba,
subiri kiendeshi, ukurasa wa majaribio.
Mirtha, tayari. Yerko, tayari.
Ya nne ilikuwa ya Eleuterio.
"Yangu iache," akasema. "Iache hivyo hivyo."
Nilikuwa nimeshabofya.

Canela akavuta pumzi.
Akatema karatasi, na nyingine, na nyingine,
foleni nzima iliyokwama tangu Jumatatu,
kumi na moja, zote zile zile:
*Naomba kustaafu kuanzia mwisho wa mwezi huu.*
Yerko alikuwa karibu. Alisoma kabla hajajua kuwa anasoma.

Jumatatu alibonyeza mara moja. Kimya.
Jumanne mara tatu.
Jumatano, ofisi tupu, mara saba.
Alhamisi hakubonyeza tena:
alishaanza kuamini kwamba mashine imemkatalia,
na kwamba huenda mashine ina akili.

Mabati tu ndiyo yaliyosema, huko juu.
Mirtha akazikusanya zikiwa bado na joto,
akazigonga mezani kingo zikae sawa,
akampa moja.
Kumi akazigeuza, akazirudisha kwenye trei.
"Karatasi ni ghali," akasema, bila kumtazama mtu.

Eleuterio akaniuliza kama naweza kuifuta.
Foleni iko tupu, nikamwambia. Kilichotoka kimetoka.
Akaiweka ile moja chini ya kikokotoo,
si kwenye droo, si kwenye kapu.

Mirtha akachapa risiti yangu kutoka mezani kwake,
hakuinuka.
Ikatoka safi, kiasi, tarehe, mhuri,
na mgongoni mwake *naomba kustaafu*.
Penye anwani ya fundi nikaandika ya binamu,
nikaikunja mara mbili.

Mlangoni upepo ulikuwa umeongeza nguvu.
Eleuterio akaja kunisaidia kusukuma,
bega lake kando ya langu,
na tukiwa bado tunasukuma akauliza habari za watoto.
Sina, nikasema.
"Basi za mama."