Umepatwa na Nani

Saa nane usiku Mfaume alivuta kamba ya mashine.
Mara ya kwanza ikakohoa, mara ya tatu ikakubali,
na salfa ikapanda juu ya mikorosho ya mama
kama unga uliorushwa na mtu mwenye hasira.
Lazima iwe usiku: majani yana umande,
unga unashika, ubwiri unakosa pa kulala.
Kazi yangu mimi ni tochi na mifuko.
Kanga nimeifunga puani; macho nimeyaacha yaungue.

Mwezi tulitoka nao nyumbani mweupe,
mweupe wa sahani iliyosuguliwa kwa jivu.
Sasa ulikuwa wa njano.
"Ni sisi!" Mfaume akapaza sauti kuishinda mashine.
"Mahuta wanapuliza, Kitangari wanapuliza,
tumeupaka salfa!"
Akacheka, akakohoa, akacheka.

Alikuwa na haki, nusu yake.
Kwa sababu mwezi hauna nguo za kubadilisha.
Ni kijivu, alisema Mwalimu Nandonde,
jiwe la kijivu lililokopeshwa mwanga;
rangi tunazoziona ni zetu, za hewa iliyo katikati.
Kidato cha pili, madirisha yamezibwa kwa maboksi,
alitushikia glasi ya maji yenye tone la maziwa
akaweka tochi nyuma yake.
Mwanga ukaingia mweupe, ukatoka chai ya rangi.
Buluu, akasema, ni kama mtoto aliyetumwa dukani,
inagongana na kila kitu, inatawanyika njiani;
nyekundu ndiyo inayofika.
Kisha, kwa kuwa hii ni Newala na ndoo ina bei,
akayanywa yale maji.

Ndiyo maana mwezi wa tisa, watu wakichoma visiki,
unachomoza nyuma ya mashamba kama tofali la tanuruni:
umepita hewa ndefu, umepita moshi wetu wote,
na ukishafika utosini unakuwa mweupe tena
kama vile hakuna kilichotokea.

Lakini usiku ule ulikuwa juu, mbali na moshi,
ulipoanza kuliwa.

Mfaume akazima mashine.
Sijawahi kusikia shamba likinyamaza hivyo.
Msikiti wa bondeni ukawasha kipaza sauti,
mtu akaita watu kwenye sala ya kupatwa,
na mama, Somoe binti Nalimi, akatoka kibandani
na shuka begani, akatazama juu.
Mwezi ulikuwa wa shaba. Wa kutu. Wa ndani ya mdomo.

"Umepatwa na nani?" akauliza.

Ndivyo tunavyosema: umepatwa.
Hata baba, siku ile alipoanguka ghalani,
walikuja kutuambia amepatwa,
na hakuna aliyeimalizia sentensi.

"Na sisi, mama," nikasema.
"Dunia imesimama kati yake na jua.
Kivuli kile ni chetu, mikorosho imo, paa limo,
wewe na shuka lako mmo."
"Na damu ile?"
"Si damu. Hewa inaukunja mwanga ukingoni.
Kote ambako jua linazama saa hii,
na kote ambako linachomoza, pete nzima,
wekundu wao unatupita pembeni
unakwenda kutua pale.
Unaona asubuhi za watu, mama. Na jioni zao."

Alikaa kimya kiasi cha kujaza mfuko mmoja.
Nilidhani atanicheka, au atalia, au ataniuliza
hayo yote ndiyo niliyolipiwa ada.

"Basi tusogee," akasema.

Akasogea hatua mbili, taratibu,
kama mtu aliyegundua ameziba taa ya mwenziwe.
Mfaume akanitazama. Na yeye akasogea.
Nikachukua mfuko wangu wa salfa.

Ilichukua zaidi ya saa nzima.
Lakini ukingo ulipoanza kung'aa, wembamba wa ukucha,
mama aligeuka akanitazama
kama mtu aliyesaidia.