Risuka

Kisanduku cha zahanati ya Ibra kimefungwa ukutani
kati ya friji ya chanjo na kalenda ya benki.
Kila robo saa hupeleka Maskati vipimo vya damu.
Lugha niliyokiandikia ni ndogo, pole,
mistari mifupi kama orodha ya sokoni,
ila haikufundishwa siri.
Ikisema, husema uchi:
jina, umri, sukari, figo,
kama mtu asomaye barua ya mwenzake
kwa sauti, ndani ya lifti.

Nimeona mwenyewe. Nilichomeka laptopu
kwenye swichi ya ukumbini, nikangoja,
na saa nne na robo akapita bibi yangu:
Thuweba Nasor, sabini na tisa, sukari kumi na sita.
Nyumbani alituambia, "Imeshuka kidogo."

Bibi na dada yake Shinuna walikuwa na kinyume chao.
Kwenye simu, mbele yetu: *risuka*, *sape*, *jima*,
nasi tukidhani ni lugha ya nchi nyingine kabisa,
mpaka Humud, mtoto wa miaka saba,
alipoacha kutafuna, akapiga kelele:
"Risuka ni sukari! Bibi anakula halua usiku!"
Fumbo mfumbie mjinga. Humud hakuwa mjinga.
Tangu siku ile najua
kugeuza silabi si kufuli.
Kufuli ni ile ambayo hata aliyeifua,
akipoteza ufunguo, analala nje.

Kwa hiyo sikufua kufuli.
Anayejitungia yake, Humud anamsubiri.
Nilichukua maktaba iliyokwisha kupigwa nyundo na wengi,
nikaandika nyongeza kwa C, mistari mia tatu na kitu,
isimame mlangoni mwa ile lugha yangu pole:
neno likitoka, lifumbe;
likiingia, lifumbue;
kumbukumbu uliyoazima, rudisha.
Hilo la mwisho nililisahau mara mbili.
Kisanduku kikavimba, kikazimia,
na Biju wa zamu ya usiku akakichomoa, akakichomeka,
akaenda zake kunywa chai.

Kisha kupeana mikono kukagoma.
Seva ya Maskati ikanyoosha wake, ikatoa cheti.
Kisanduku kikakisoma, kikakirudisha:
cheti hiki hakijaanza kutumika.
Siku mbili nilisaka kosa katika C yangu,
nikafuta mistari isiyo na hatia.
Kumbe ni betri ya saa, ndogo kama kifungo cha shati, imekufa.
Kikizimwa kikiamka, kinaamini ni usiku wa manane,
Januari mosi, elfu moja mia tisa na sabini,
na kila cheti duniani ni cha kesho.

Nilimsimulia bibi. Nilidhani atacheka.
"Mwaka huo," akasema, "nilikuwa Unguja na sanduku moja,
nangoja karatasi za nchi nisiyoijua hata harufu.
Karani alinitazama, akaitazama picha,
akasema bado."
Akamnyooshea muuguzi kidole achomwe.

Betri: baisa mia tano, duka la saa nyuma ya soko.

Saa tano na robo nilichomeka tena laptopu.
Akapita. Nilimtambua kwa saa tu.
Kwenye skrini, herufi zilizosagwa, pumba tupu,
hakuna jina wala umri,
hakuna kumi na sita.
Nikazisoma kwa mbele, nikazisoma kwa kinyume,
mazoea hayo.
Halikutoka neno.

Jioni aliniita jikoni, sufuria mkononi.
"Wewe unayeona kila kitu, leo ilikuwa ngapi?"
"Sijui, bibi."
Akanikazia macho, kama karani na picha,
mpaka akaniamini.
"Basi," akasema, akichovya kijiko kwenye halua,
"imeshuka kidogo."